Mama Hakuiona Bahari: kisa cha safari ya meli na watoto wawili

Siku ya tatu ya safari, meli ikiwa imeshafunga gati Cozumel, kisiwa cha Meksiko, na watu wanateremka kwa vicheko, nilishuka hadi ghorofa ya 2 kumwita mama. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, chumba hakina dirisha, taa amezima, binti yangu kamlalia mapajani. Nikamuuliza mbona hajajitayarisha. Akanijibu kwa ile sauti yake ya chini, "Mwanangu, mimi mzaliwa wa Lamu. Leo siku ya tatu niko baharini na bahari sijaiona."

Nilikuwa nimeipanga safari ile kwa miezi mitano. Nilikuwa na daftari zima. Kila kitu cha watoto kilikuwa kimeandikwa, mpaka idadi ya nepi. Wakenya wenzangu hapa Houston, Texas, wakiniuliza siku hizi safari ya meli na watoto inagharimu kiasi gani, nawasimulia kisa hiki kwanza, bei baadaye.

Tulikuwa watano. Mimi na mume wangu, binti yetu wa miaka 4, kitinda mimba aliyezaliwa Aprili 2023, na mama yangu aliyekuja kutoka Mombasa kunisaidia baada ya kujifungua. Tulichagua meli kwa sababu moja ya wazi: bandari ya Galveston iko kama kilomita 80 kutoka kwetu. Hakuna kupanda ndege na mtoto mchanga. Unapakia gari, unaegesha, na chumba chako ndicho hoteli yako siku zote tano huku miji ikikujia mlangoni.

Kosa la kwanza lilikuwa la bei. Nilikuta safari ya mwisho wa Septemba kwa nauli ya kutupwa, nikalipa malipo ya awali ya dola 500 usiku uleule, simu mkono mmoja, mtoto mkono wa pili. Sikujiuliza kwa nini Septemba ni rahisi. Sababu ni mbili na zote ziko wazi. Shule zimefunguliwa, kwa hiyo familia nyingi haziko njiani. Halafu msimu wa vimbunga katika Atlantiki, Karibea na Ghuba ya Meksiko huanza Juni 1 hadi Novemba 30, na kilele chake ni Septemba hasa. Kimbunga kikikaa njiani, nahodha huikwepesha meli na kubadilisha bandari. Nauli hairudi kwa sababu tu hukufika ulikokusudia.

Lakini kilichonitoa Septemba si kimbunga, ni umri wa mtoto. Kampuni nyingi za meli hizi hazimpokei mtoto aliye chini ya miezi 6 siku ya kupanda. Safari ikiwa ya kuvuka bahari kuu, au yenye siku tatu mfululizo bila kuona bandari, wanataka miezi 12. Wetu angekuwa na miezi 5 na wiki tatu. Nilipiga simu, nikajaribu kubembeleza kama tunavyobembeleza pale nyumbani, "Siku chache tu, jamani." Dada wa upande wa pili alikuwa na adabu, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema hapana. Na ukifikiri, ana haki. Zahanati ya meli ina daktari na wauguzi, lakini si hospitali ya watoto, na mtoto wa miezi mitano akipandwa na homa usiku katikati ya Ghuba, pwani iko mbali. Yale malipo ya awali yalikuwa ya aina isiyorudishwa. Dola 500 zikaenda na maji.

Tukahamia katikati ya Novemba, usiku tano: Galveston, siku moja baharini, Cozumel, Progreso (bandari nyingine ya Meksiko), siku moja baharini, nyumbani. Mtoto angekuwa na miezi 7. Daktari wake aliposikia Meksiko akaongeza jambo ambalo nisingelijua: mtoto wa miezi 6 hadi 11 anayetoka nje ya Marekani hupewa sindano ya surua mapema, na bado atadungwa tena akishatimiza mwaka kama wenzake. Ile ya mapema haihesabiwi katika mbili za kawaida.

Kisha makaratasi. Katika familia zetu hapa ndipo mpango unapovunjikia, kwa sababu watu watano wa chumba kimoja wanaweza kuwa na hadhi nne tofauti mbele ya afisa wa uhamiaji. Kitinda mimba ni mzaliwa wa Texas. Safari ikianzia na kuishia bandari ileile ya Marekani, raia mdogo kama yeye anaruhusiwa kwenda na cheti cha kuzaliwa peke yake. Mimi nikatoa kwa fahari kile cheti kizuri cha hospitali chenye alama za nyayo zake. Hicho ni cha kuweka kwenye fremu. Kinachotakiwa ni cheti cha serikali, na ilibidi tukiagize.

Binti alizaliwa Mombasa, akaja na grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu. Mume wangu alikuwa amekula kiapo cha uraia miezi michache nyuma, na tulidhani mtoto ataanza foleni yake mwenyewe. Kumbe kwa Sheria ya Uraia wa Watoto ya mwaka 2000, mtoto wa chini ya miaka 18 mwenye grini kadi, anayeishi hapa chini ya malezi ya mzazi aliye raia, huwa raia papo hapo. Hakuna cha kuomba isipokuwa karatasi ya kuthibitisha. Tukaenda wazazi wote wawili kumwombea pasipoti, maana kwa aliye chini ya miaka 16 wote wawili wanatakiwa wafike, na pasipoti yenyewe ni ya miaka 5. Mimi nilisafiri na pasipoti ya Kenya na grini kadi.

Mama ndiye aliyetutia jasho. Meksiko haimdai viza mgeni mwenye viza hai ya Marekani, kwa hiyo upande huo ulikuwa mwepesi. Uzito ulikuwa wa kurudi: viza yake lazima iwe ya kuingia mara nyingi, na iwe bado hai siku meli inaporudi Galveston, kwa maana ukishakanyaga Cozumel umetoka Marekani. Niliikagua ile viza mara nne. Jamaa wengi huona neno "safari ya meli" wakadhani ni matembezi ya Fort Jesus, unatoka na kurudi hakuna anayekuuliza.

Sasa vyumba. Nilidhani kwa kuwa mtoto mchanga hana kitanda, tutabanana wanne na nusu katika chumba cha wanne. Mfumo ukakataa. Katika meli hakuna nusu mtu. Mtoto wa miezi 7 anahesabiwa kama baba yake, kwa sababu kila eneo la meli limegawiwa nafasi zake kwenye boti za kuokolea, na nafasi hizo zikijaa kampuni haiongezi kichwa, hata kama chumbani kuna pa kulala.

Nilipomweleza mama jambo hili, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Hapo wamefanya vizuri." Mama aliolewa Mtongwe, kule Mombasa. Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka mita chache tu kutoka gatini na kuua watu 272, yeye alikuwa amevuka asubuhi ya siku iliyotangulia. Hajawahi kupanda chombo tangu siku hiyo bila kutafuta kwanza maboya yalipo. Swali lake la kwanza kuhusu safari yetu halikuwa chakula wala Meksiko. Lilikuwa: kuna boti ngapi, na boya la mtoto mchanga lipo?

Lipo, lakini mara nyingi huingii chumbani ukalikuta. Unamwambia mhudumu siku ya kwanza akuletee la kimo cha mtoto. Watoto pia huvishwa bangili yenye namba ya kituo chao cha dharura, ili wakipotezana nanyi mfanyakazi yeyote ajue pa kuwapeleka. Na lile zoezi la usalama ambalo abiria wengi hulilalamikia lina historia. Meli ya abiria Costa Concordia ilipogonga mwamba Italia Januari 13, 2012, mamia ya abiria waliopanda jioni ileile walikuwa hawajafanya zoezi lolote. Tangu Januari 2015 sheria ya kimataifa inataka lifanyike kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Mama alilifanya kwa makini kuliko sisi sote. Alimuuliza kijana wa kituo mlango wa pili uko wapi.

Basi tukahitaji vyumba viwili, na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo dola 500 si kitu mbele yake. Chumba cha kwanza nilikichagua kwa akili: ghorofa ya 8, katikati ya meli, chenye roshani. Ushauri wa kawaida kwa wazazi ndio huo. Mtoto hulala mara mbili kwa siku, na bila roshani unakaa gizani ukimsikiliza anavyokoroma. Chumba cha pili, cha mama na binti, nilikinunua kwa ile bei ya "chumba chochote", yaani kampuni ndiyo inakuchagulia baadaye. Niliokoa dola 140. Nilijisifu kwa mume wangu. Wiki mbili kabla ya safari namba ikaja: ghorofa ya 2, mbele kabisa, ndani, hakuna dirisha.

Meli ndefu ikikutana na mawimbi hucheza kama ubao wa pembea. Ncha zinapanda na kushuka, katikati panatulia. Mama hakuhitaji kuelezwa. "Jahazini," alisema, "watoto na wenye mimba huwekwa katikati." Lakini aliyasema hayo baadaye, nilipomuuliza. Siku namba ilipokuja alisema tu, "Mimi popote, mwanangu." Na mimi nikalichukua neno hilo kama lilivyo, kama vile si mtoto wa mswahili, kama vile sijui kuwa mzazi wa Kiswahili akisema "popote" ndipo unapotakiwa kuanza kufikiri.

Mizigo nitaipitia haraka. Nepi na maziwa ya unga tulibeba ya siku saba kwa safari ya siku tano, kwa kuwa duka la melini si la kutegemea. Birika la umeme haliruhusiwi, wala pasi, wala kitu chochote cha kuchemshia, kwa hofu ya moto. Mama alikuwa ametoka Mombasa na unga wake wa wimbi, na unga wa wimbi unataka moto na mwiko. Ikabidi tukubali nafaka ya mtoto ya kopo inayokorogwa kwa maji moto, tukawa tunajaza themosi kwenye mkahawa kila asubuhi. Jikoni nao, ukiwaomba mezani, huponda karoti na viazi bila kinyongo. Nyama mama hakuigusa. Alikula samaki na mboga siku zote na kusema samaki wao hajui nazi.

Kitu kimoja nilikipinga akakibeba kwa nguvu: beseni. Beseni la plastiki, la bluu, la kawaida, akalijaza nguo za mtoto na kulitia ndani ya sanduku. Nilimwambia tunaenda kwenye meli yenye ghorofa kumi na kitu, Mama, utatuaibisha. Tukafika. Bafu la chumba lina shawa tu, sakafu yake huwezi kumkalisha mtoto. Bwawa la kuogelea haliruhusu mtoto avaaye nepi, hata zile nepi za kuogelea. Ni kanuni ya afya ya Marekani kwa meli zinazotia nanga bandari zake. Kwa hiyo mtoto wangu hakuoga wala kucheza maji popote pale siku tano isipokuwa ndani ya lile beseni. Mara mbili kwa siku, sakafuni pa shawa, mama amechutama, maji yanaruka mpaka kwenye kioo, mtoto anapiga kelele za furaha na kupiga maji kwa viganja. Picha nzuri kuliko zote za safari ni hiyo, na ndani yake hakuna bahari.

Siku ya pili upepo wa kaskazini ulishuka kutoka Texas. Majira hayo Ghuba ya Meksiko hupata pepo za baridi zinazokuja ghafla. Mama aliuita kaskazi, kisha akajirekebisha: kaskazi yetu huleta joto na wageni, hii imekuja mikono mitupu. Mtoto mchanga hakujua kitu, kwani walio chini ya miaka 2 ni nadra kuugua kichefuchefu cha bahari. Ni wale wa kuanzia miaka 2 hadi 12 wanaoteseka zaidi, na wangu wa miaka 4 alikuwa mbele kabisa ya meli, ghorofa ya 2. Alitapika mara tano. Klabu ya watoto, ambayo huchukua walio na miaka 3 na kuendelea wasiovaa nepi, na ambayo mpango wangu wote wa mchana uliitegemea, ilimkataa kwa haki: mtoto anayetapika kwenye meli hutengwa mpaka ijulikane kuwa si norovirusi, kirusi cha kutapika na kuharisha kinachoambukiza upesi. (Na dawa ya mikono ile ya kupaka haiiwezi norovirusi vizuri. Ni maji na sabuni.)

Kwa hiyo nani alibaki naye? Hapa naomba msomaji aangalie lile daftari langu. Saa tatu asubuhi: mtoto analala, sisi roshani. Saa sita: chakula. Saa nane: mtoto analala tena, sisi roshani. Saa kumi na moja na nusu jioni: chakula cha zamu ya kwanza. Saa moja usiku: mtoto amelala, sisi onyesho la jukwaani. Katika kila mstari kuna mtu aliye na watoto ili "sisi" tuwe mahali fulani, na mtu huyo hakuandikwa jina. Tulikuwa tumesema tunampeleka Mama akapumzike. Kwenye karatasi nilikuwa nimemwajiri yaya.

Mwenyewe hakulalamika siku ya kwanza wala ya pili. Alikuwa na shida zake ndogo ambazo sikuzijua. Kibla, kwa mfano. Lamu kibla ni kaskazini karibu moja kwa moja, hukosei hata gizani. Kutoka Ghuba ya Meksiko ni kaskazini-mashariki, na ndani ya chumba kisicho na dirisha, chini ya meli inayogeuka, hujui hata kaskazini iko wapi. Alikuwa anamuuliza mhudumu wa usafi, kijana wa Indonesia, ambaye kila siku alimwonyesha kwa mkono na kumwitikia salamu yake. Mtu pekee aliyekuwa amemtunza mama yangu kwenye ile meli ni huyo kijana.

Ndipo tukafika ile asubuhi ya Cozumel, na lile neno lake.

Tulibadilisha mambo siku hiyohiyo. Mume wangu alihamia ghorofa ya 2 na binti, ambaye kwa bahari iliyotulia alishapona na kuona chumba kisicho na dirisha ni pango la kuchezea. Mama akapanda ghorofa ya 8 nami na mtoto. Pale mapokezi walitutengenezea funguo mpya kwa dakika kumi. Walichosisitiza tu ni kwamba vituo vyetu vya dharura vinabaki vilevile vya mwanzo, na mama akavirudia kwa kichwa mbele yao. Cozumel tulishuka kwa muda wa saa mbili tu. Teksi hazina viti vya watoto, kwa hiyo hatukupanda, tukatembea na kigari cha mtoto kando ya maji. Nilikuwa na hofu ya saa: Cozumel ilikuwa mbele ya Texas kwa saa moja Novemba ile, simu yangu ikajigeuza yenyewe, saa ya melini haikugeuka. Saa ya mkononi ya mama bado ilikuwa ya Mombasa, kwa hiyo kati yetu tulikuwa na nyakati tatu. Meli haimngojei mtu. Tulirudi mapema mno, na sijutii.

Progreso hatukushuka kabisa. Maji ya pwani ile yana kina kifupi kiasi kwamba gati limeingia baharini zaidi ya kilomita 6, na kutoka meli hadi mjini ni basi. Nilikuwa nimeshalipia matembezi ya magofu ya Wamaya, mwendo mrefu barabarani na mtoto wa miezi 7. Nani alinidanganya? Tulikaa melini iliyobaki nusu tupu, siku bora kuliko zote. Binti alikwenda klabu kwa muda wa saa mbili, akalia dakika tano, akakataa kutoka.

Hesabu, kwa anayeitaka. Nauli ya vyumba viwili pamoja na kodi za bandari ilikuwa dola 2,870, na kodi hizo mtoto mchanga hulipiwa kama mkubwa. Bakshishi ya wafanyakazi dola 16 kwa kichwa kwa siku, yaani 400. Kampuni nyingine huwasamehe walio chini ya miaka 2, yetu haikusamehe. Bima iliyokuwa na gharama za kuhamishwa mgonjwa ilikuwa 210, na ya mama tulikata mpya kwa sababu ile ya mgeni aliyokuja nayo ilifanya kazi ndani ya Marekani tu. Maegesho, magofu tusiyoyaona, na zile 500 za Septemba juu yake. Ningelipia vyumba viwili vinavyopakana, vyenye mlango wa kati na roshani zote mbili, tofauti ingekuwa karibu dola 600. Nilikuwa nimeshazitupa nyingi kuliko hizo kwa kukimbilia rahisi.

Jumamosi alfajiri niliamka mtoto akilia. Mama hakuwa kitandani. Pazia la roshani limefunguliwa kidogo, meli inaingia mfereji wa Galveston polepole, mashua ya rubani iko ubavuni na ndege aina ya mwari wamejipanga juu ya nguzo. Alikuwa ameshasali. Amejifunga leso mbili, amekaa kwenye kiti cha plastiki, miguu yake miwili iko ndani ya beseni la bluu lenye maji ya uvuguvugu.

"Mlete," alisema bila kugeuka. "Na wewe kalale."